UZI: Milinganyo ya kipeo cha pili kwa njia ya vigawo. Inafaa wapi, inagoma wapi, na jibu lipi linatupwa

Mwl_Raskazone

Wadau, salaam kutoka Tanga. Naufungua uzi huu kwa ajili ya milinganyo ya kipeo cha pili, ile ambayo darasani tunaiita kwadratiki, na hasa njia ya vigawo. Wanafunzi wengi wanaijua kwa kukariri: tafuta namba mbili, zitie kwenye mabano, geuza alama, andika jibu. Swali likija kwa sura ya shamba, bati au biashara, wanakwama hapo hapo. Basi tuanze na sababu, kazi zenyewe zitafuata. Mafundi na wakulima mliomo humu karibuni sana, mifano yenu inahitajika.

Njia yote imesimama juu ya jambo moja. Namba mbili zikizidishwa zikatoa 0, lazima mojawapo iwe 0. Zikitoa 12 hujui kitu: zinaweza kuwa 3 na 4, 2 na 6, nusu na 24, hata −1 na −12. Sifuri ndiyo pekee inayokubana.

Tazameni kosa hili, linarudi kila mwaka:

(x + 2)(x + 3) = 12
x + 2 = 12 au x + 3 = 12
x = 10 au x = 9

Rudisha 10 kwenye swali: 12 × 13 = 156, mbali kabisa na 12. Mabano yalikuwa tayari yamepangwa vizuri, mwanafunzi akadhani kazi imekwisha. Lakini upande wa kulia haukuwa 0, kwa hiyo mabano hayo hayamsaidii kitu. Hapa lazima uyafungue, ulete 12 upande wa kushoto, kisha upange upya:

x² + 5x + 6 = 12
x² + 5x − 6 = 0
(x + 6)(x − 1) = 0
x = −6 au x = 1

Hakiki: 1 inatoa 3 × 4 = 12. Na −6 inatoa (−4) × (−3) = 12. Yote mawili yamekubali.

Sasa, kwa nini tunatafuta namba mbili ambazo ukizijumlisha unapata ya kati na ukizizidisha unapata ya mwisho? Chora mraba wenye upande x. Ongeza kipande cha upana p upande wa kulia na kipande cha upana q upande wa chini. Umepata mstatili wa (x + p) kwa (x + q). Ndani yake kuna mraba x², kipande px, kipande qx, na kile kistatili kidogo cha kwenye kona, p kwa q. Ukikusanya: x² + (p + q)x + pq. Kwa hiyo namba ya kati ni jumla ya p na q, na ya mwisho ni p mara q. Anayeuchora mchoro huu mara mbili tatu kwa mkono wake hahitaji kukariri tena.

BintiSahare

Mwalimu, umeanza vizuri. Naongeza mfano wa mwani, maana pwani yetu hii kila mtu ameuona ukilimwa.

Kitalu cha mstatili kina eneo la mita za mraba 96, na urefu unazidi upana kwa mita 4. Vigingi vya kona vikae wapi?

Upana ni x, urefu ni x + 4.

x(x + 4) = 96
x² + 4x − 96 = 0

Namba ya mwisho ni hasi, kwa hiyo namba zetu mbili zina alama tofauti, na zile 4 za kati ni pengo lililopo baina yao. 12 na 8 zinazaa 96 na pengo lao ni 4. Kubwa ichukue alama ya namba ya kati, yaani chanya:

(x + 12)(x − 8) = 0
x = −12 au x = 8

Upana hauwezi kuwa hasi, basi ni mita 8 kwa 12. Kabla ya kuanza kupigilia, pima na kona mkingamo: 8² + 12² = 208, kipeuo chake cha pili ni karibu 14.42. Mikingamo yote miwili ikisoma mita 14 na sentimita 42, kitalu chako kimekaa mraba. Ikipishana, kimelala upande, na kona zako hazitakuwa za nyuzi 90.

Kidato2_Makorora

Shikamoo mwalimu, shikamoo dada. Naomba kuuliza. Namba ikiwa ndogo kama 6 au 12 naziona haraka. Ikiwa kubwa kama 96 au 180 nakaa dakika kumi naandika jozi zote. Kuna namna ya kufupisha?

Mwl_Raskazone

Marahaba mwanangu. Ipo, na inategemea unatafuta nini.

Kwanza soma alama. Namba ya mwisho ikiwa chanya, namba mbili zina alama moja, ile ya namba ya kati, na unatafuta JUMLA. Ikiwa hasi, alama zinatofautiana na unatafuta PENGO. Ukishajua hilo umeondoa nusu ya kazi.

Kisha amua pa kuanzia. Pengo likiwa dogo, namba mbili zinakaribiana, kwa hiyo zipo karibu na kipeuo cha pili cha namba ya mwisho. Anzia pale ushuke. Mfano n² − 3n − 180 = 0: kipeuo cha 180 ni 13 na kidogo. 13 haigawi 180. 12 inagawa, mwenzake ni 15, pengo 3. Jaribio la pili tu umefika. Pengo likiwa kubwa, mfano x² + 57x − 180 = 0, anzia chini: 1 na 180, pengo 179. 2 na 90, pengo 88. 3 na 60, pengo 57. Umepata.

Kwa jumla ni vivyo hivyo. Jumla kubwa ikilinganishwa na namba ya mwisho, namba zimeachana, anzia 1. Jumla ndogo, zimekaribiana, anzia kwenye kipeuo.

Na kama jozi hazionekani kabisa, tumia nusu ya jumla. Chukua x² − 25x + 66 = 0. Namba mbili zinajumlisha 25, kwa hiyo wastani wake ni 12.5, moja imezidi wastani kwa d na nyingine imepungua kwa d hiyo hiyo. Zikizidishwa: 12.5² − d² = 66. 12.5² ni 156.25, basi d² = 90.25, d = 9.5. Namba ni 22 na 3. Hapa hakuna kubahatisha, na inafanya kazi hata pale ambapo jozi za namba nzima hazipo.

FundiBati_Ng12

Mwalimu, huo mlinganyo wa 25 na 66 unanifaa kwa kazi ya bati. Ngoja niuweke hapa, maana ndani yake kuna mtego.

Una kipande cha bati cha sentimita 20 kwa 30. Unataka trei isiyo na mfuniko. Unakata miraba kwenye kona nne, kila mraba una upande x, kisha unakunja kingo kwenda juu. Unataka kitako kiwe na eneo la sentimita za mraba 336. Ukate kiasi gani?

Kila upande unakatwa pande mbili, kwa hiyo kitako ni (20 − 2x) kwa (30 − 2x).

(20 − 2x)(30 − 2x) = 336
600 − 100x + 4x² = 336
4x² − 100x + 264 = 0

Gawa kote kwa 4 kabla ya kufanya lolote. Wengi wanaacha hatua hii, wanaanza kuhangaika na 264 mara 4.

x² − 25x + 66 = 0
(x − 22)(x − 3) = 0
x = 22 au x = 3

Majibu yote ni chanya. Aliyezoea kutupa hasi peke yake atabaki na mawili mkononi asijue la kufanya. Lakini bati lina upana wa 20, utakata vipi 22 kila kona? Halafu tazama lilikotoka hilo jibu: 20 − 44 = −24, na 30 − 44 = −14. Hasi kwa hasi zimezaa 336. Hesabu haijakosea. Haijui kwamba −24 na −14 ni urefu wa bati, wewe ndiye unayejua.

Basi ni 3. Kitako kinakuwa 14 kwa 24, eneo 336. Kina cha trei ni 3, ujazo 336 × 3 = 1008, yaani lita moja na chembe. Ila hizo ni namba za karatasi. Ukipiga mkunjo, bati lenyewe linakula kidogo pale kwenye pindo, na kama unataka kukunja mdomo wa juu usikate mikono ya watu, ongeza sentimita 1 kila upande kwenye kipande cha kuanzia, usiipunguze kwenye kina. Chora mistari yote minne ya mkunjo kabla ya kukata kona hata moja. Ukikata kwanza halafu ukachora, mistari haikutani.

Mchungwa_Muheza

Heko fundi. Mimi naleta la miche, fupi tu. Kuna miche 180 ya michungwa, idadi ya mistari inapungua kwa 3 ukilinganisha na idadi ya miche katika kila mstari. Miche ya mstari mmoja ni n, mistari ni n − 3. Ni ule ule mlinganyo wa n² − 3n − 180 = 0 alioutaja mwalimu, n = 15, mistari 12.

Mlinganyo hausumbui. Kosa linakuja baada yake, kwenye kupima shamba. Nafasi ikiwa mita 7 kwa 7, mtu anazidisha 15 × 7 = 105 na 12 × 7 = 84. Miche 15 ina mapengo 14, siyo 15. Urefu kutoka mche wa kwanza hadi wa mwisho ni mita 98, na upana ni 11 × 7 = 77. Mapengo daima yanapungua moja. Nafasi ya pembezoni baina ya mti na mpaka wa jirani unaiongeza mwenyewe kwa kadiri unavyotaka, lakini usiache kosa la kuhesabu ndilo likupangie.

Mama_Vitalu

Shukrani kwenu nyote. Kuna swali la njia ya kuzunguka bustani, linapatikana karibu kila mahali. Bustani ni mita 6 kwa 10. Unataka kuizungushia njia ya zege yenye upana sawa pande zote, na vifaa ulivyo navyo vinatosha mita za mraba 36 za njia. Upana wa njia ni ngapi?

Bustani ni 60, njia 36, jumla 96. Kwa hiyo:

(6 + x)(10 + x) = 96
x² + 16x − 36 = 0
(x + 18)(x − 2) = 0
x = 2

Njia ya mita 2. Imetoka safi kabisa. Sawa?

FundiBati_Ng12

Hapana dada, na nashukuru umeliweka hivyo kwa sababu ndilo kosa ninalolisubiri. Njia ipo pande zote. Kwenye upana wa bustani inaongezeka kushoto na inaongezeka kulia, kwa hiyo ni 6 + 2x, na urefu ni 10 + 2x.

(6 + 2x)(10 + 2x) = 96
60 + 32x + 4x² = 96
4x² + 32x − 36 = 0
x² + 8x − 9 = 0
(x + 9)(x − 1) = 0
x = 1

Upana ni mita 1. Hakiki: nje ni 8 kwa 12 = 96, toa 60, inabaki 36.

Sasa hakiki mita 2: nje ni 10 kwa 14 = 140, toa 60, njia ni mita za mraba 80. Vifaa vya 36 vingekwisha kabla hujafika hata nusu. Ukimwaga zege la unene wa sentimita 8, mita za mraba 36 ni 36 × 0.08 = mita za ujazo 2.88. Kwa 80 ni 6.4. Fikiria kokoto na saruji za hiyo tofauti.

Mwl_Raskazone

Hapa naomba tusimame kidogo, wadau, maana hili la Mama_Vitalu lina thamani kuliko mifano mitano inayotoka sawa.

Mlinganyo wake ulikuwa na makosa na bado umegawanyika vizuri, namba nzima, bila mkwaruzo. Wanafunzi wengi wanaamini kwamba jibu likitoka safi basi ni sahihi. Sivyo. Aliyepata 2 alipata kitu cha kweli, ila siyo alichoulizwa: x yake ilikuwa ongezeko la pande mbili kwa pamoja. Ndiyo maana ni mara mbili ya 1. Ukiandika pembeni, kwa maneno, x inasimama badala ya nini, kosa linajionyesha. "x ni upana wa njia upande mmoja." Maneno machache tu. Bila hayo, x inaweza kugeuka maana katikati ya kazi usijue.

Na kuhakiki siyo kurudisha jibu kwenye mlinganyo wako peke yake. Ukirudisha 2 kwenye (6 + x)(10 + x) unapata 8 × 12 = 96, kila kitu kinakubali! Rudisha kwenye bustani yenyewe: chora, weka vipimo, pima njia. Mlinganyo uliokosewa hauwezi kujishtaki.

Kidato2_Makorora

Nimeelewa mwalimu, na hili la kuandika x ni nini sikuwa nalifanya. Swali la pili: namba mbele ya x² ikiwa siyo 1 na haigawiki kote, kama 6x² + 7x − 20 = 0. Nikitafuta namba za kuzaa −20 na kujumlisha 7 sipati.

BintiSahare

Huwezi kupata, mdogo wangu, kwa sababu ile 6 nayo inachangia. Zidisha ya kwanza na ya mwisho: 6 × (−20) = −120. Sasa tafuta mbili zinazozaa −120 na kujumlisha 7. Pengo ni 7, dogo, anzia kwenye kipeuo cha 120, karibu 11. 10 na 12, pengo 2. 8 na 15, pengo 7. Hizo. Kubwa inakuwa chanya: 15 na −8.

Pasua kile kipande cha kati:

6x² + 15x − 8x − 20 = 0

Shika viwili viwili. Viwili vya kwanza vina 3x kwa pamoja, viwili vya mwisho vina −4:

3x(2x + 5) − 4(2x + 5) = 0
(2x + 5)(3x − 4) = 0

Sasa nisikilize hapo kwenye −4. Kutoka −8x − 20 ukitoa −4 nje, ndani inabaki 2x na 5 CHANYA, kwa sababu −4 × 5 = −20. Wengi wanaandika −4(2x − 5). Mabano mawili yakikataa kufanana, kabla hujafuta kazi yote angalia alama hiyo kwanza, tisa kati ya kumi kosa liko pale pale.

Kisha usimalize kwa haraka. 2x + 5 = 0 inatoa x = −5/2, siyo −5. Na 3x − 4 = 0 inatoa x = 4/3, siyo 4. "Geuza alama uandike" inafanya kazi pale tu ambapo mbele ya x kuna 1.

Ukiandika −8x + 15x badala ya 15x − 8x, utapata mabano yale yale. Jaribu uone.

Dafu_Mgandini

Wakuu, naomba tuguse biashara, maana huku soko la Mgandini hesabu hizi zipo kila asubuhi hata kama hakuna anayeziandika.

Tuseme dafu linauzwa shilingi 500 na yanatoka 120 kwa siku. Kila ukipandisha bei kwa shilingi 50, wanapungua wanunuzi 10. Ukipandisha mara n, mauzo ni (500 + 50n)(120 − 10n). Swali: n ipi inarudisha mauzo yale yale ya mwanzo, shilingi 60,000?

60,000 + 1,000n − 500n² = 60,000
1,000n − 500n² = 0

Hapa mtu anagawa kwa n, anapata n = 2, anafunga daftari. Je, kuna ubaya?

Mwl_Raskazone

Ubaya upo, mkuu. Ukigawa kwa n umedai kwamba n siyo 0, bila kuuliza. Toa nje ya mabano badala ya kugawa:

500n(2 − n) = 0
n = 0 au n = 2

n = 0 ni bei yako ya leo, jibu halali kabisa. Kwenye mtihani umepoteza alama. Dukani umepoteza kitu kikubwa zaidi: majibu mawili yanakuambia kilele kiko katikati yake, n = 1, bei 550, madafu 110, mauzo 60,500. Aliyebaki na jibu moja hana katikati.

Dafu_Mgandini

Sawa kabisa. Nakwenda mbele basi. Dafu limenunuliwa 300. Faida ya kila moja ni 200 + 50n. Nataka faida ya 30,000 kwa siku:

(200 + 50n)(120 − 10n) = 30,000
24,000 + 4,000n − 500n² = 30,000
−500n² + 4,000n − 6,000 = 0

Gawa kwa −500:

n² − 8n + 12 = 0
(n − 2)(n − 6) = 0

n = 2: bei 600, madafu 100, faida 300 × 100 = 30,000.
n = 6: bei 800, madafu 60, faida 500 × 60 = 30,000.

Yote mawili ni ya kweli, hakuna la kutupa. Kuchagua kunatoka nje ya mlinganyo. Kwa bei ya 800 unabeba madafu 60 tu na mtaji wa kununulia ni 18,000. Kwa 600 unahitaji 30,000 za kununulia na mkokoteni mzito, lakini wateja 40 zaidi wanapita kwako. Katikati, n = 4, bei 700, faida 400 × 80 = 32,000, ndipo kilele cha faida kilipo. Tofauti na kilele cha mauzo kilichokuwa 550! Anayefuata mauzo makubwa siyo lazima apate faida kubwa.

Tahadhari moja. Ile "kila 50 wanapungua 10" ni mstari ulionyooka tuliouchora sisi. Karibu na bei uliyozoea unaweza kushika. Ukifika mbali, ikawa jirani yako anauza 500 na wewe 800, wateja hawaondoki kumi kumi.

Mchungwa_Muheza

Nipenyeze la mwendo, Tanga ni mji wa baiskeli. Safari ya kilomita 48. Ukiongeza mwendo kwa kilomita 4 kwa saa unafika saa 1 mapema. Mwendo wa kwanza ni v: 48/v − 48/(v + 4) = 1. Zidisha kote kwa v(v + 4), na usisahau ile 1 ya kulia nayo inazidishwa. Inabaki 192 = v² + 4v, kisha (v + 16)(v − 12) = 0. Kilomita 12 kwa saa ni saa 4, kilomita 16 kwa saa ni saa 3.

Mzee_wa_Chumbageni

Wanangu mmefanya kazi njema. Mimi nataka kusema neno juu ya pale njia hii inapogoma, kwa sababu mkisoma mifano yote ya humu mtadhani dunia imepangwa kwa namba nzima. Haikupangwa hivyo.

Kabla ya kuhangaika na jozi, pima. Kwa ax² + bx + c = 0, kokotoa b² − 4ac. Ikitoka namba ambayo ni mraba kamili, kama 0, 1, 4, 9, 16, 25, vigawo vya namba nzima au sehemu vipo, endelea kutafuta. Isipotoka mraba kamili, acha kutafuta, hutavipata hata ukikesha. Ikitoka hasi, hakuna namba halisi inayokubali.

Mfano x² + 6x + 7 = 0. 36 − 28 = 8. Siyo mraba kamili. Kamilisha mraba: (x + 3)² = 2, x ni −3 ukijumlisha au ukitoa kipeuo cha 2. Sekunde kumi za kupima zimekuokolea nusu saa ya jozi. Ile ya 6x² + 7x − 20 inatoa 49 + 480 = 529, ambayo ni 23 × 23, ndiyo maana ilikubali.

Chukueni na jiwe linalorushwa juu kwa mita 20 kwa sekunde kutoka kimo cha mita 25, tukiuliza litagusa ardhi baada ya muda gani. Vitabuni tunatumia 10 kwa mvutano wa dunia: 25 + 20t − 5t² = 0, gawa kwa −5, t² − 4t − 5 = 0, (t − 5)(t + 1) = 0, sekunde 5. Safi. Weka 9.8 iliyo karibu zaidi na ukweli na vigawo vinapotea: 4.9t² − 20t − 25 = 0, jibu karibu 5.08. Namba za mtihani zimechaguliwa zigawanyike. Fundi akipima bati kwa futi kamba atapata 20.3 kwa 29.8, na hapo atumie kanuni ya jumla, ile yenye b² − 4ac ndani yake, bila kuona haya. Njia ya vigawo inakufundisha kuona umbo: mahali mlinganyo unapogusa sifuri, mahali kilele kilipo, jibu gani ni la kutupa. Hayo yanabaki hata namba zikiwa chafu.

Na mjue sifuri hiyo ilichelewa. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9 na ambaye kutoka kwake tumepata neno aljebra, aliigawa milinganyo katika aina sita, kila moja na njia yake, kwa kuwa kila upande ulibaki na namba chanya. Kuleta vyote upande mmoja na kuandika 0 ng'ambo kulikuja kushika baadaye sana. Thomas Harriot wa Uingereza, ambaye kazi yake ilichapishwa 1631, miaka 10 baada ya kufa kwake, ni miongoni mwa walioitumia kwa vigawo. Sisi watu wa pwani maneno hesabu na sifuri tumeyapokea kwa Kiarabu, yako vinywani mwetu kila siku.

Mama_Vitalu

Shikamoo mzee. Basi niwape vijana swali, nililipize lile la njia. Wavu wa mita 40 unazungushia banda la kuku. Upande mmoja ni ukuta wa nyumba, hauhitaji wavu. Ukuta una urefu wa mita 12. Eneo liwe mita za mraba 150. Vipimo vya banda?

Kidato2_Makorora

Najaribu. x ni urefu wa upande mmoja unaotoka ukutani, kwa mita. Ziko mbili, kwa hiyo upande unaokwenda sambamba na ukuta ni 40 − 2x.

x(40 − 2x) = 150
40x − 2x² = 150
2x² − 40x + 150 = 0
x² − 20x + 75 = 0

Kupima: 400 − 300 = 100, mraba kamili. Namba ya mwisho chanya, ya kati hasi, zote hasi, jumla 20: 15 na 5.

(x − 15)(x − 5) = 0
x = 15 au x = 5

x = 5: sambamba na ukuta ni 30. Ukuta ni mita 12 tu, mita 18 zingebaki wazi. Haifai.
x = 15: sambamba na ukuta ni 10. Inaingia kwenye 12.

Banda ni mita 15 kwa 10. Wavu: 15 + 15 + 10 = 40. Eneo 150.

Mama_Vitalu

Umepata, mwanangu, na sababu ya kulikataa 5 umeiandika, usiiache hata kwenye mtihani. Mlango uweke upande wa mita 10. Kama fremu yake ina kibao cha mita 1, wavu unaohitajika unashuka hadi 39, ile moja inayobaki itumie kupishanisha kwenye nguzo za kona.

FundiBati_Ng12

Na nguzo zikiwa kila mita 2.5: upande wa 15 una mapengo 6, wa 10 una mapengo 4. Jumla mapengo 16, nguzo 17, ukihesabu na zile mbili za ukutani.